Giaboksi Isishushwe Kwanza: Oili, Joto, na Nani Anawajibika Gari Likigoma Kubadili Gia

Gari linapanda kutoka Himo kwenda Marangu. Injini inapandisha mlio, mshale wa mizunguko ya injini unakimbilia 4,000, lakini mwendo hauongezeki. Mwenye gari analivuta hadi gereji, na kabla jua halijazama giaboksi iko chini, sampu (beseni la oili la chini yake) imefunguliwa, oili imemwagwa kwenye ndoo moja na oili chafu za magari mengine. Kufikia hapo hasara ni mbili. Ya kwanza, tatizo ambalo huenda lingeisha kwa solenoidi moja (valvu inayoendeshwa kwa umeme) limegeuzwa kuwa ovaholi. Ya pili ni kubwa zaidi: kama gari lilinunuliwa yadi miezi miwili iliyopita, au lina waranti, ushahidi wa nani alipe umekwisha kumwagwa.

Makala haya yanahusu magari yenye nguvu yaliyojaa Arusha na Moshi: Forester na Impreza za turbo, Mark X, Crown, Golf GTI na mengine ya aina hiyo.

Oili ndiyo giaboksi yenyewe

Kwenye giaboksi ya otomatiki, oili hufanya kazi nne kwa mpigo. Husukuma pistoni zinazobana sahani za klachi, hulainisha beringi, hubeba joto kwenda kwenye kipoza, na hutoa msuguano wa kiasi maalumu ili sahani zishikane bila kuteleza. Gereji nyingi huiita haidroliki na kununua yoyote nyekundu iliyopo dukani. Hilo ni kosa la gharama kubwa. Toyota ya zamani iliyoandikiwa oili ya aina ya T-IV haitaki ya WS, na iliyoandikiwa WS haitaki T-IV. CVT, yaani giaboksi ya mkanda na puli isiyo na gia za hatua, ndiyo kali zaidi: Nissan huandika NS-2 au NS-3, Honda HMMF au HCF-2, Subaru ina yake. Ukiweka ATF, yaani oili ya kawaida ya otomatiki, kwenye CVT, mkanda wa chuma huteleza juu ya puli na kuzichuna. Puli zikishachunika, hata oili sahihi haitazirudisha.

Joto ndilo adui wa pili. Oili hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Kanuni ya mafundi wa giaboksi ni kwamba kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka juu ya 80 hukata umri wa oili kwa nusu. Ikizidi 115, masalia kama vanishi huanza kuganda kwenye valvu. Ikikaribia 150, sahani huteleza, utando wake huungua, na vumbi lake husafiri hadi kwenye solenoidi. Ndiyo maana milima yetu ina maana kubwa. Ukipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu ukiwa na abiria watano na lever iko D, giaboksi hurukaruka kati ya gia ya tatu na ya nne. Kila mara inapofanya hivyo toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, hufungua kufuli lake, na nguvu inayopotea humo ndani hugeuka joto. Zima O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) au shusha hadi 3 au 2, acha injini izunguke mara 2,500 hadi 3,500 kwa dakika. Ukifika juu usizime gari mara moja. Weka P na uiache injini ingurume dakika mbili tatu, kwa sababu pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, oili haizunguki tena kwenye kipoza.

Baadhi ya watengenezaji huandika kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi maisha yote ya gari. Kwa vumbi na milima ya Kaskazini, ushauri wetu ni kubadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Ukifungua nati ya chini hutoka lita 3 hadi 4 tu kati ya 8 au 9; zilizobaki zimo kwenye toki konveta na mabomba. Pima kilichotoka kwa chupa yenye alama, rudisha kiasi hicho hicho, tembea kilomita 500 hadi 1,000, rudia mpaka mara tatu. Kipimo cha mwisho huchukuliwa injini ikiwa inanguruma, baada ya kupitisha lever taratibu kwenye kila nafasi na kurudi P. Toyota nyingi za WS hazina kijiti cha kupimia: hupimwa kwenye nati ya kufurikia, oili ikiwa nyuzi 35 hadi 45, na lazima idondoke kidogo kidogo. Fundi anayejaza mpaka inatoka kwa nguvu na kufunga hapo hapo oili ikiwa baridi hajapima kitu.

Oili ikionekana kama maziwa ya stroberi, simama. Kipoza kilichomo ndani ya rejeta kimepasuka na maji yameingia kwenye giaboksi. Maji hulegeza gundi inayoshika utando wa sahani. Rejeta hubadilishwa kwanza, mabomba yasafishwe, ndipo giaboksi iguswe.

Subaru na makosa yanayojirudia

Chini ya Subaru nyingi za otomatiki kuna nati tatu za kumwagia oili: ya injini, ya giaboksi, na ya difu ya mbele, ambayo imo kwenye bodi moja na giaboksi lakini ina oili yake. Kosa linalorudiwa ni hili: fundi anadhani anamwaga oili ya injini, kumbe amefungua ya giaboksi. Kisha anajaza lita nne juu ya oili ya injini iliyokuwa bado imo. Gari linatoka na injini iliyofurika na giaboksi tupu, na halifiki mbali. Tazama kinachotoka kabla ya kuruhusu kujaza. Ya injini ni nyeusi. Ya giaboksi ni nyekundu au kahawia nyepesi. Ya difu ni nzito, ya manjano, na ina harufu ya kiberiti. Zaidi kidogo ya lita moja ya oili ya gia ya 75W-90 huitosha difu hiyo.

Matairi nayo huua giaboksi ya Subaru, na wengi hawaamini. Mfumo wa magurudumu yote manne hauvumilii tofauti ya zaidi ya milimita 6 kwenye mzingo wa tairi. Ukinunua mawili mapya na kuacha mawili yaliyochakaa, sahani za klachi ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, hufanya kazi ya kuteleza bila kupumzika. Dalili ni gari kubana na kurukaruka unapokata kona kali mwendo mdogo. Kwenye giaboksi ya gia nne kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD, karibu na injini. Weka fyuzi hapo. Kubana kukiisha, umeme na valvu vinaitikia amri na kazi ianzie kwenye matairi na oili. Kubana kukiendelea, sahani au ngoma yake imekwama. Hata hapo giaboksi nzima haina haja ya kushushwa, kwa sababu klachi hiyo imo kwenye kipande cha nyuma ambacho hufunguliwa gari likiwa limeinuliwa tu.

Wanaonunua giaboksi ya mtumba wasiridhike kwa kuwa matundu ya bolti yamelingana. Zipo za uwiano wa difu wa 4.111 na za 4.444. Ukifunga ya 4.444 mbele huku difu ya nyuma ni ya 4.111, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka mwendo tofauti, na klachi ya katikati inaungua. Soma namba ya giaboksi ya zamani na ile mpya, au izungushe shafti kwa mkono na kuhesabu, kabla ya kulipa.

Na gari la namna hii likikwama Longido, lisivutwe kwa kamba hadi Arusha. Injini imezimwa, pampu haizunguki, gia zinazunguka kavu. Lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Gari za klachi mbili

Golf GTI na ndugu zake hutumia giaboksi yenye klachi mbili. Ile ya gia sita ambayo klachi zake zimo ndani ya oili hutakiwa kubadilishiwa oili na chujio kila kilomita 60,000. Ile ya gia saba yenye klachi kavu haina oili ya kupoza klachi. Kwenye foleni ya Sakina, kusogea nusu mita nusu mita kunaipasha joto kila sekunde. Acha nafasi ifunguke, kisha nenda moja kwa moja. Mlimani shikilia gari kwa breki, kamwe usilishikilie kwa kukanyaga mafuta.

Wajibu wa mtengenezaji na wa muuzaji

Giaboksi hizo za klachi kavu zinafundisha jambo kuhusu haki ya mnunuzi. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari 384,181 nchini China yarudishwe kurekebishwa kwa ajili ya giaboksi hiyo, baada ya malalamiko ya muda mrefu na taarifa ya televisheni ya taifa. Marekani, Nissan iliongeza waranti ya CVT kwa magari ya 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 hadi 10. Australia ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2018 mahakama iliitoza Ford dola milioni 10 za nchi hiyo. Giaboksi kuharibika hakukuwa sababu ya adhabu hiyo. Ford iliadhibiwa kwa namna ilivyowatendea wateja, maana waliambiwa gari linatetemeka kwa sababu ya uendeshaji wao, ilhali kampuni ilikwishajua tatizo lipo.

Jibu la «ni uendeshaji wako» ndilo mteja wa Arusha hupewa pia. Wakati mwingine ni la kweli. Nissan GT-R ilipotoka, baadhi ya wenye magari waliharibu giaboksi kwa kuondoka kwa kasi huku wamezima mfumo wa kudhibiti mtelezo, na waranti ikakataliwa; baadaye Nissan yenyewe ilibadilisha programu ili injini isizunguke sana wakati wa kuondoka. Impreza ya gia tano za mkono iliyoongezwa nguvu kwa programu huvunja meno, na mtengenezaji hawezi kubebeshwa hilo. Lakini anayekataa kulipa anapaswa kuonyesha kitendo gani kilisababisha uharibifu gani, kwa maandishi. Kutaja uendeshaji kwa jumla hakutoshi.

Kwa gari la mtumba kutoka Japani, waranti ya kiwandani kwa kawaida haivuki bahari pamoja na gari. Mkataba wako ni na aliyekuuzia. Hapa nchini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya 2003 huweka masharti ya ubora ndani ya mauzo hata kama hayakuandikwa, na Sheria ya Ushindani ina sehemu inayowahusu watengenezaji. Maneno ya kwenye risiti, «mali ikishauzwa haitarudishwa», hayafuti wajibu huo. Cha kudai kutoka kiwandani bado kipo: kasoro ambayo mtengenezaji mwenyewe aliita magari yarudishwe kurekebishwa. Tafuta kwa namba ya chesisi kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji. Namba kama SG5 au GDB na tarakimu zake si ya herufi 17, hivyo tovuti za Marekani na Ulaya haziisomi, na wengi hudhani gari lao halimo.

Kabla spana haijagusa sampu

Piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita na taa zilizowaka. Pima kwa mashine na uhifadhi kodi zote za hitilafu kabla hazijafutwa. P0700 husema tu kwamba kompyuta ya gia ina la kusema, hivyo fundi asiishie hapo. P0730 ni uwiano wa gia usio sahihi, P0740 ni saketi ya kufuli la toki konveta, P0218 ni joto kupita kiasi. Hiyo ya mwisho inaweza kukusaidia au kukuumiza, kwa hiyo isomwe pamoja na kilomita ilipojitokeza.

Chukua oili kwenye chupa mbili safi zinazoonyesha ndani, mililita 250 kila moja. Zifunge, andika tarehe, kilomita na namba ya gari. Moja ibaki kwako, nyingine mpe muuzaji asaini. Sampu ikifunguliwa, piga picha ya sumaku iliyomo ndani yake, inayonasa chembe za chuma, kabla haijafutwa. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni gia au beringi. Chembe za manjano ni bushi au singi (ringi za kulinganisha mwendo wa gia). Vipuri vya zamani na chujio virudi kwako kwenye boksi.

Barua kwa muuzaji iwe fupi: «Gari namba fulani, nililonunua tarehe fulani kwenye kilomita 84,200, lilianza kuteleza gia ya tatu kwenye kilomita 85,950. Halijafunguliwa. Naomba ukaguzi wa pamoja ndani ya siku 14 na majibu kwa maandishi.» Ambatisha nakala ya risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na ya tangazo la gari kama lilidai giaboksi ni nzima. Peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri au isainiwe. Wakikubali kukagua, uwepo giaboksi inapofunguliwa, na fundi wako awepo. Wakikataa kupokea, itume kwa posta ya rejista na utunze stakabadhi. Siku 14 zikipita bila jibu, faili hilo hilo, na chupa ya oili ikiwa bado imefungwa, ndilo unalopeleka Tume ya Ushindani, FCC, au kwa wakili.