Kumwasili mtoto wa kambo mkiwa kambi ya ng'ambo: yasemwayo na yaliyo kweli

Wapo dada zetu kutoka Kenya, Tanzania na Kongo walioolewa na askari wa Marekani, wakahamia naye Ujerumani, Japani au Korea Kusini pamoja na mtoto waliyezaa kabla ya ndoa hiyo. Siku baba wa kambo anapotaka kumwasili mtoto, yaani kumfanya mwanawe kisheria, ushauri humiminika kutoka kila upande, na mwingi unapotosha.

"Kambi ni ardhi ya Marekani, kwa hiyo jeshi litamaliza kila kitu."

Sivyo. Ramstein, kambi ya jeshi la anga la Marekani, iko Ujerumani na ardhi yake ni ya Ujerumani. Mkataba wa NATO wa 1951 kuhusu hadhi ya majeshi unaamua mambo kama nani amshtaki askari aliyevunja sheria. Haukuweka mahakama ya familia kambini. Mahakama za kijeshi nazo hazitoi amri ya kuasili mtoto. Ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi itawashauri bure na kuthibitisha saini zenu, na uthibitisho huo una nguvu Marekani. Amri yenyewe lazima itoke mahakama ya jimbo fulani, au ya nchi mnayoishi.

"Tutafungua kesi jimbo aliloingilia jeshini."

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Jimbo lililoandikwa siku ya kujiunga na jeshi hutumika hasa kukokotoa gharama za kumrudisha askari kwao akimaliza utumishi. Mahakama hutazama makazi yake ya kisheria: anapigia kura wapi, leseni ya gari ni ya wapi, kodi ya jimbo analipa wapi, anakusudia kurudi wapi. Tena kila jimbo lina masharti yake ya kupokea ombi la kuasili.

Halafu kuna mtoto mwenyewe. Sheria ya mfano ya 1997 ya kuamua mahakama ya jimbo gani isikilize kesi ya malezi ya mtoto, iitwayo UCCJEA, ambayo majimbo yote isipokuwa Massachusetts yameipitisha, inatoa kipaumbele kwa jimbo alikoishi mtoto kwa miezi sita mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa. Inasema haihusu kuasili, lakini inahusu kumwondolea mzazi haki zake, na kumwasili mtoto wa kambo kwa kawaida kunahitaji haki za mzazi mwingine zikome. Sheria hiyo pia inaihesabu nchi ya kigeni kana kwamba ni jimbo. Mtoto aliyeishi mji wa Kaiserslautern, Ujerumani, mwaka mzima anaweza kuhesabiwa kwamba "jimbo" lake ni Ujerumani. Wapo mahakimu wanaoona uhamisho wa kijeshi ni kutokuwepo kwa muda tu, na wapo wasiokubali. Kwa hiyo kama barua ya uhamisho imeshatoka na mtoto ametimiza miezi sita katika jimbo la Marekani mlipo, muoneni wakili na mfungue ombi kabla ya kupanda ndege.

Mkishafika Ujerumani, mahakama ya Ujerumani inaweza kuwasikiliza kama makazi yenu ya kawaida yako huko. Tangu 2020 itatumia sheria ya Ujerumani, na ridhaa hutolewa mbele ya mthibitishaji wa serikali.

"Baba mzazi alishamtelekeza, hana haja ya kujua."

Ana haja, awe Kisumu au Mwanza. Mahakama itataka ridhaa yake, au ushahidi kwamba amepoteza haki hiyo na kwamba mlijitahidi kumpata. Kama naye ni mwanajeshi wa Marekani, sheria ya 2003 ya kuwalinda wanajeshi katika kesi za madai, iitwayo SCRA, inamruhusu kuomba kesi isimame kwa siku zisizopungua 90, akileta barua ya kamanda wake kwamba kazi inamzuia kufika na hana ruhusa ya likizo. Nanyi hamwezi kupewa hukumu yeye asipotokea bila kuapa kwanza kama ni mwanajeshi au la.

"Mtoto ana bima ya jeshi tayari, kuasili kunaongeza nini?"

Ni kweli, mtoto wa kambo husajiliwa na kutibiwa chini ya TRICARE, bima ya afya ya jeshi, bila kuasiliwa. Lakini ndoa ikivunjika, asiyeasiliwa hupoteza bima hiyo siku talaka inapokamilika.

Uzito mkubwa zaidi uko kwenye uraia wa Marekani. Baba wa kambo, hata awe raia tangu kuzaliwa, hampi mtoto uraia wa moja kwa moja asipomwasili. Mtoto lazima aasiliwe kabla ya kutimiza miaka 16, isipokuwa anamfuata ndugu yake aliyeasiliwa na mzazi huyohuyo. Awe ameishi na baba huyo chini ya ulezi wake wa kisheria miaka miwili. Na awe na grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani), yote kabla ya kufika 18. Zamani kuishi ng'ambo kuliharibu hesabu, lakini sheria ya Machi 2020 inawahesabu watoto wanaoishi na mzazi aliyetumwa nje na jeshi kana kwamba wako Marekani. Mama akiapishwa kuwa raia kabla mtoto hajafika 18, mtoto anaweza kupata uraia kupitia mama mwenyewe, na hapo umri wa 16 hauhusiki kabisa.