Ozoni ya mchana Dar: nani hasa anaumia?

"Ozoni si ndiyo inayotukinga na jua? Itatudhuru vipi?" Swali hili naulizwa kila mara, na lina msingi wake. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuwa tabaka la ozoni ni ngao. Ngao hiyo iko juu sana, kilomita 15 hadi 35 hivi kutoka ardhini, na ibaki hukohuko. Gesi hiyohiyo ikiwa huku chini tunakovuta pumzi, inaunguza njia za hewa. Wala haitoki kwenye ekzosi ikiwa tayari imekamilika. Moshi wa magari na bodaboda, takataka zinazochomwa, mvuke wa petroli na wa rangi hukutana na jua kali, ndipo ozoni inapotengenezwa.

Kwa hiyo anayesema hewa mbaya ni ya foleni ya asubuhi, na kwamba mchana mambo yametulia, yuko sahihi nusu tu. Ozoni hupanda pamoja na jua, na kilele chake ni mchana mpaka alasiri. Tena karibu kabisa na barabara huweza kuwa ndogo, kwa kuwa moshi mbichi huila. Upepo ukishausukuma moshi mbali, ozoni huongezeka. Anayeishi Kibamba, pembezoni mwa jiji, asidhani ameuacha moshi wote Kariakoo, katikati.

"Wanaoumia ni wenye pumu tu." Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Wenye pumu wako mstari wa mbele kweli, maana njia zao za hewa hubana upesi. Wazee nao, hasa wenye maradhi ya mapafu au moyo. Lakini mtoto mzima kabisa, asiye na ugonjwa wowote, naye yumo: mapafu yake bado yanakua, kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na saa nane mchana yuko nje anakimbia.

Mpwa wangu ana miaka 9 na ana pumu. Shuleni kwao mpira ulikuwa saa nane na nusu, kwenye uwanja usio na hata mwarobaini mmoja. Uwanjani alikuwa anacheza vizuri tu. Usiku ndiyo anakaa kitandani, mabega juu, anatafuta pumzi, na dada yangu analaumu feni. Siwezi kuapa kwamba ni ozoni peke yake. Ninachojua ni kwamba uvimbe unaoletwa na ozoni unaweza kuendelea saa nyingi baada ya mtu kutoka juani, kwa hiyo kutokohoa uwanjani si ushahidi wa kitu.

Halafu kuna neno la "kifua kimeshazoea". Nililisikia Kariakoo kwa kijana aliyekuwa anasukuma mkokoteni wa viroba vya mchele, fulana imemganda mgongoni: "Kaka, mimi niko fiti, hewa hii nimekulia." Alichozoea ni dalili. Ukivuta ozoni siku baada ya siku, kikohozi na maumivu ya kifua huweza kupungua huku ndani mapafu yakiendelea kuumia. Na hiyo nguvu yake ndiyo inayomwongezea dozi: mtu aliyekaa huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, anayefanya kazi ngumu hufika 40 na zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 100 za ozoni kwa mita ya ujazo ya hewa, wastani wa muda wa saa 8. Muda huo wa saa 8 ni siku nzima ya kazi ya mbeba mizigo, trafiki, fundi ujenzi, machinga anayetembeza bidhaa.

Wapo wanaokunywa maziwa ili kusafisha kifua; hayakisafishi, yanakwenda tumboni. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kiasi, ila ozoni ni gesi, inapita. Na anga kuwa bluu, bila moshi, si kipimo, kwa sababu ozoni haionekani.

Kinachosaidia ni kuchagua saa ya kuwa nje. Dada yangu alikwenda kumwomba mwalimu wa michezo, akamweleza taratibu, naye mwalimu akaelewa. Siku hizi wanacheza saa moja na nusu asubuhi, kabla ya vipindi, na inhela inakaa mfukoni mwa mwalimu.