Bata ndugu wakipandana, si lazima uone kilema

Wafugaji wengi huamini kwamba bata wa tumbo moja wakipandana, vifaranga watatoka vilema. Wakitoka wazima, mtu anatulia: "Bata wangu hawana shida." Hapo ndipo anapokosea.

Kupandana kwa ndugu hakuumbi ugonjwa mpya. Kasoro nyingi za kurithi hujificha: kifaranga huonyesha kasoro akiipata kwa baba na kwa mama pia. Ndugu wa baba na mama mmoja wakizaa, kila jeni (kipande cha urithi) la kifaranga lina uwezekano wa 25% kuwa na nakala mbili zilizotoka kwa mzee mmoja yuleyule wa ukoo, na kasoro iliyojificha ikajitokeza. Kwa binamu ni 6.25%.

Hasara huja kimyakimya. Jike wa hawa bata wetu wenye uso mwekundu analalia mayai 14, siku ya 35 wanatoka saba. Mengine viza, mengine kifaranga amefia ndani ya ganda. Mfugaji analaumu joto, au jike hakutulia. Wakati mwingine ni kweli, ndiyo maana tatizo halishtukiwi.

Wingi wa majike hauokoi. Dume mmoja na majike sita, kwa hesabu ya urithi, ni sawa na kundi la bata watatu na kitu tu, kwa kuwa vifaranga wote wana baba mmoja.

Badilisha dume, lakini uliza katoka wapi. Wa jirani aliyenunua mbegu kwako ni mjukuu wa bata wako walewale. Na ukimleta dume wa Pekin, bata wa aina nyingine, kwa hawa bata wetu wenye uso mwekundu, utapata chotara wanaonenepa vizuri, ila karibu wote tasa.