Mazishi bila sala: kinachobaki wazi na namna ya kukijaza

Familia ikiniita kuongoza mazishi yasiyo ya kidini, huanza na yasiyotakiwa: hakuna sala, hakuna mahubiri, hakuna habari za mbinguni. Sawa. Lakini sala ilikuwa pia inawaonyesha watu lini wainamishe vichwa, lini waitikie, lini waondoke. Ukiitoa usipoweka kitu mahali pake, waombolezaji wanasimama hawajui mikono waiweke wapi, na kiongozi anaongea na kuongea ili kuziba ukimya.

Ndiyo maana napanga vitendo kwanza, maneno baadaye. Kwa shughuli nzima, dakika 30 zinatosha. Wasifu wa marehemu nauwekea dakika 7 au 8. Msibani mtu husoma polepole, maneno 110 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo ni maneno kama 850 hivi. Msomaji akikuletea kurasa sita, kaa naye mzipunguze siku moja kabla, usimkatize kaburini. Chapa nakala mbili kwa herufi kubwa. Ya pili ashike mtu atakayesimama ubavuni mwa msomaji tangu mwanzo, kwa sababu mtoto aliyeapa kwamba atasoma mwenyewe hukwama mapema, mara nyingi pale anapolazimika kulitaja jina.

Ukimya utangaziwe urefu wake: "Tutakaa kimya dakika mbili, nitawaambia zikiisha." Bila hivyo, hazipiti sekunde 20 kabla watu hawajaanza kukohoa na kutazamana. Wenye dini nao wamo msibani, na nawaambia wazi kwamba muda huo ni wao pia, anayetaka kusali moyoni asali. Kumnyima bibi sala yake kwa jina la sayansi ni ukatili usiomsaidia yeyote.

Kisha kuaga. Kugusa jeneza au kutia udongo humchukua kila mtu sekunde kama 10, kwa hiyo watu 60 ni dakika 10. Wakizidi 100, panga mistari miwili.

Sasa sayansi. Kuna sentensi ninayoifuta kila ninapoikuta: "Nishati haipotei, kwa hiyo bado yuko nasi." Nusu ya kwanza ni fizikia, ya pili ni faraja iliyovishwa joho la fizikia. Nishati ya mwili huishia kuwa joto lililotawanyika. Tuliyempenda alikuwa mpangilio fulani wa mata, yaani wa chembe zinazounda mwili, na mpangilio huo ndio uliovunjika. Anayejua fizikia ataudhika. Asiyejua atakuwa amedanganywa siku ambayo hana nguvu ya kubisha.

Yapo ya kweli ya kusema. Karibu asilimia 1 ya hewa ni agoni, gesi isiyoungana na kitu: inaingia mapafuni na kutoka vilevile. Agoni aliyoivuta marehemu maisha yake yote hatimaye upepo huichanganya na hewa ya dunia nzima, na ukipiga hesabu, kila pumzi yetu inabeba mamilioni ya atomi zilizopita mapafuni mwake. Naieleza kwa sentensi tatu, kisha nawaomba wote wavute pumzi moja ndefu. Wakivuta, nanyamaza.

Kwa mama aliyefiwa na mtoto, ipo nyingine: seli za mtoto huvuka kondo la nyuma, na utafiti wa mwaka 1996 ulizikuta kwenye damu ya mama miaka 27 baada ya kujifungua. Hapo sema "huenda", maana huyu hakuna aliyempima. Tena muulize faraghani kama angependa litajwe. Wengine hawataki kabisa, na wana haki.

Kasoro ya mwisho ni ndogo lakini hutokea sana: bila "amina", hakuna anayejua kwamba mambo yamekwisha. Sema tu, "Shughuli yetu imeishia hapa. Familia itatangulia, sisi tutafuata," kisha rudi nyuma hatua mbili uache njia wazi.