Homa na degedege kwa mtoto: maswali ya wazazi

Homa ni nini hasa?
Ni joto la mwili kupanda kupita kawaida. Ukipima kwapani, mtoto mwenye afya huwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akivuka hapo, ana homa.

Mbona anatetemeka kwa baridi na mwili unawaka?
Binadamu, sawa na ng'ombe au kuku, hujitunzia joto lake mwenyewe. Kazi hiyo husimamiwa na sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Joto likizidi, mishipa ya ngozini hutanuka na jasho hutoka. Likipungua, mishipa hubana na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto. Mtoto akiambukizwa malaria, kwa mfano, kinga ya mwili huufanya ubongo upandishe kiwango cha joto unachokitaka. Kwa hiyo viganja vinakuwa vya baridi huku kifua kikiwaka.

Basi nimfunike blanketi?
Usimfunike. Tunaletewa watoto saa saba mchana wakiwa na sweta, kofia ya sufi na blanketi juu yake, joto halina pa kutokea. Mvue, mwachie khanga nyepesi, mnyonyeshe mara kwa mara, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Maji ya baridi pia hapana: yatamtetemesha, na kutetemeka kunaongeza joto. Kisha mlete apimwe malaria. Ni tone la damu kidoleni tu.

Amekakamaa, macho yamegeuka juu. Hiyo si ya mganga?
Ni ya hospitali. Degedege ni ya hospitali, mchana na usiku. Mlaze ubavu, usimbane, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mkojo na moshi wa kinyesi cha tembo havitibu degedege. Mtafute wa kuwapeleka, muondoke.

Wazee wanasema akichomwa sindano na degedege, anakufa.
Sindano haimuui. Jamani, sindano haimuui! Kinachomuua ni siku mbili alizokaa kwa mganga. Malaria kali inaweza kuua ndani ya saa 24: sukari ya damu inashuka, damu inapungua, ubongo unaathirika. Analetwa hajitambui, anachomwa sindano, anafariki, halafu msibani watu wanaikumbuka sindano peke yake. Mtoto yuleyule angeletwa degedege ilipoanza, dawa ingemkuta bado ana nguvu.

Tupitie kwa mganga kwanza kwa kuwa ni karibu, kisha tuje?
Hapana. Njooni kwanza. Hata zahanati ndogo ina la kufanya kabla ya kumpeleka mbele.

Degedege imekwisha yenyewe, sasa anacheza.
Mlete hivyohivyo. Ni kweli kwamba nyingi zinazoletwa na homa kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 huisha ndani ya dakika chache bila madhara. Ila wewe nyumbani huwezi kujua kama hii ni hiyo, au ni malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo.

Baba yake amesafiri, tumsubiri atoe ruhusa?
Mpigie simu mkiwa njiani. Na kama mtoto hajafikisha miezi miwili, homa yoyote ile, hata bila degedege, msingoje kupambazuke.