Hôtel ya Paris si hoteli

Nimesikia tena, safari hii kwenye video ya matembezi iliyosimuliwa kwa Kiswahili kizuri, kwamba Makumbusho ya Picasso mjini Paris yamo "ndani ya hoteli ya zamani". Jumba lile halikujengwa kulaza wasafiri.

Lile ni hôtel particulier, yaani jumba la mjini la mtu mkubwa, lililojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake. Kwa kawaida ua uko mbele, bustani nyuma, na lango ni pana la kupitisha gari la farasi. Jumba la bwana likiwa shamba huitwa château.

Kinacholeta utata ni hilo neno la kwanza. Kile kikofia juu ya o ni alama ya s iliyodondoka. Wafaransa wa kale walisema hostel, kutoka Kilatini hospitale, mahali pa kupokelea wageni, na mzizi wake ni hospes, neno lililomtaja mgeni na mwenyeji pia. Hospitali yetu imetoka humohumo. Ndiyo maana Hôtel-Dieu katika miji ya Ufaransa ni hospitali, na hôtel de ville ni ofisi ya meya; mtu wa Lubumbashi, anayetumia Kifaransa, hana haja ya kuelezwa hili. Maana ya nyumba ya kulala kwa malipo ilikuja baadaye, ikapitia Kiingereza hadi kwetu, na hapa ikageuka tena: hoteli nyingi za Kenya na Tanzania ni za chai na chapati, hazina hata kitanda kimoja. Particulier, kwa upande wake, ni "ya mtu binafsi", na neno hilo ndilo wasimulizi wetu wanaloliruka.

Hilo jumba la Picasso lilijengwa kati ya 1656 na 1659, mtaani Marais, na Pierre Aubert de Fontenay, aliyetajirika kwa kukusanya kodi ya chumvi. Watu wakaliita Hôtel Salé, lenye chumvi, na jina likaganda. Mwenyewe hakulifaidi sana: Nicolas Fouquet, waziri wa fedha, alikamatwa 1661, na anguko lake likamvuta Aubert naye, akafilisika. Ubalozi wa Venice ulikaa humo, Mapinduzi ya Ufaransa yakalitwaa, likawa shule ya bweni aliyosoma mwandishi Balzac, halafu chuo cha uhandisi hadi 1884. Jiji la Paris lililinunua 1964, na makumbusho yakafunguliwa 1985. Ngazi ya mawe yenye kingo za chuma kilichofuliwa bado ipo, na taa zilizoning'inizwa humo ni kazi ya mchongaji Diego Giacometti.

Linalonigusa zaidi ni hili: Picasso alipofariki 1973, warithi wake walilipa kodi ya mirathi kwa kazi zake badala ya fedha, na hizo ndizo zilizoanzisha makumbusho. Jumba lililosimama kwa kodi ya chumvi, iliyowaelemea maskini, sasa limehifadhi kodi ya familia tajiri, na yeyote anaweza kuingia kuitazama.

Kwa hiyo, ndugu msimulizi, video ijayo sema "jumba la mwinyi", au "jumba la kale la mjini" kama neno mwinyi hamlitumii huko kwenu. Ukipenda kubaki na jina lake, sema Hôtel Salé kamili, kisha ueleze ile chumvi.