Si kila taa ya zambarau husafisha bwawa

Wengi wanaojitengenezea kifaa cha kusafisha maji ya bwawa la bustani huamini kwamba taa yoyote ya zambarau, ikifungwa ndani ya bomba, itaua mwani. Si kweli. Taa za zambarau za disko hutoa miale ya takriban nanomita 365 hadi 400 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Inayoharibu vinasaba vya mwani ni ya nanomita 254, itokayo kwenye taa maalumu za zebaki, na jicho haliioni kabisa.

Kosa linaloniuma zaidi ni hili: mtu ananunua taa sahihi, kwa bei kubwa, kisha anaikinga na maji kwa chupa ya kioo cha kawaida. Kioo hicho huzuia karibu miale yote inayohitajika! Mrija wa kuikinga lazima uwe wa kwatzi, yaani kioo maalumu kinachopitisha miale hiyo, tena ufutwe chokaa na utelezi mara kwa mara.

Hata ukipatia, taa huua mwani unaoelea tu, ule unaopita ndani ya bomba. Mwani wa nyuzi ulioshika mawe utautoa kwa mkono.

Tafadhali, chomoa umeme kabla ya kufungua bomba. Miale hiyo huunguza macho na ngozi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye.